Sura ya Tano: Jeraha la Daraja

Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu, Mkuu wa kituo alimsukumia Sajini jalada jembamba juu ya meza.

"Hili ni la kufunga, si la kufungua," alisema. "Daraja la waenda kwa miguu limegongwa Jumamosi. Siku hiyo mzigo mrefu uliopita chini yake ni mmoja tu, ile transfoma. Daraja lina mchubuko wa rangi ya kijivu, transfoma ni ya kijivu. Shahidi tunaye, dereva tunaye. Niandikie ukurasa mmoja, kesho twende mahakamani."

Sajini alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Pale kituoni walimwita Futikamba, kwa sababu mkobani mwake daima kulikuwa na futikamba ya mita ishirini, na hakuwa na desturi ya kuandika "kama mita tatu hivi". Alifungua jalada, akasoma kibali cha kusafirisha mzigo usio wa kawaida mpaka mstari wa mwisho. Tani themanini na nne. Upana mita nne na robo. Kimo, kuanzia lami, mita nne na sentimita tisini. Mwendo usizidi kilomita kumi na tano kwa saa. Gari la kuongoza mbele, jingine nyuma, bendera nyekundu kila pembe, askari wa kusindikiza. Kutembea mchana tu, mwisho saa kumi na mbili jioni.

"Mkuu, umeona tarehe? Kibali kinakwisha leo jioni."

"Si kiishe."

"Kikiisha, kingine ni wiki tatu. Njia inapimwa upya, madaraja yanakaguliwa upya. Wiki tatu zaidi mji utakaa na umeme wa zamu."

Mkuu wa kituo alijitazama shati. Tangu transfoma ya zamani iungue, pasi ya nyumbani kwake ilikuwa haipati umeme ila usiku wa manane, na yeye hakuwa mtu wa kuamka usiku wa manane kunyoosha nguo. Shati lake la kazi lilikuwa na makunyanzi kama karatasi iliyotolewa mfukoni.

"Mpaka saa kumi," alisema. "Saa kumi na dakika moja nataka ukurasa wangu."

* * *

Transfoma ilikuwa imezuiliwa kwenye maegesho ya malori, mita mia nne kupita daraja, upande wa mjini. Ilikaa juu ya tela la magurudumu themanini, imefunikwa turubai la rangi ya chungwa, imefungwa minyororo kila upande. Kando yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa dereva wake.

Madereva wenzake walimwita Mzee Taratibu. Miaka thelathini na moja alikuwa amebeba vitu ambavyo wengine huviona na kuhama njia: matangi, vipande vya madaraja, mashine za viwanda. Hakuwahi kuvunja hata kioo cha pembeni. Tangu Jumamosi leseni yake ilikuwa kwenye droo ya Mkuu wa kituo. Alipewa dhamana aende nyumbani, akakataa. Alisema mzigo haujafika na yeye hajafika. Siku tatu alikuwa hajalala ila kusinzia, na macho yalikuwa mekundu kama bendera za tela lake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kupima."

"Ah!" Mzee aliinuka kwenye ndoo kama mtu aliyeitwa kula. "Siku tatu nawaambia watu wapime. Wanapiga picha tu."

Binti yake alitokea nyuma ya gari dogo lenye kimulimuli cha njano. Yeye ndiye aliyeendesha gari la kuongoza. Mbele ya gari hilo kulisimamishwa fimbo ndefu ya plastiki, iliyopimwa sentimita kumi juu ya kimo cha mzigo. Fimbo ikigusa kitu, gari linasimama, redio inaita, na mzigo nyuma unasimama.

"Fimbo yangu haikugusa, afande," alisema, bado hajaulizwa. "Nilimwambia askari wa kwanza, akaandika kwamba mimi ni mtoto wa mtuhumiwa, akafunga daftari."

"Na kweli wewe ni mtoto wake."

"Ni mtoto wake, lakini fimbo si ndugu yetu."

Koplo, aliyekuja na Sajini, alicheka kwa nguvu. Kicheko kilimkatikia njiani aliposikia Sajini akiomba ngazi.

"Afande, mimi nitashika chini," alisema upesi. "Ngazi bila wa kuishika ni hatari."

Sajini akapanda, Koplo akaikumbatia ngazi kama mtu aliyempata nduguye. Juu, turubai lilikuwa limekazwa vizuri. Halikuwa na tundu, wala mkwaruzo. Vumbi la safari lilikuwa limetanda juu yake sawasawa, kutoka mbele hadi nyuma, na katikati ya vumbi hilo ndege alikuwa ametembea akaacha nyayo zake. Sajini aliteremsha futikamba hadi chini.

"Mita nne, tisini," Koplo alisoma. "Mbona hata sentimita moja hawajadanganya? Watu gani hawa?"

Sajini alishuka akijipangusa mikono. Kibao cha kimo kwenye daraja kilisema mita tano na ishirini. Nafasi ya sentimita thelathini ilikuwepo. Na kama rangi ya transfoma ingebaki darajani, ingebidi kwanza itoboe turubai.

"Mzee, kuna jambo lolote hujaniambia?"

Mzee Taratibu alitazama viatu vyake. Binti yake akamtazama Mzee.

"Mwambie, baba."

"Hakuna la kumwambia."

"Baba!"

"Basi mwambie wewe, maana ulizaliwa na mdomo kabla ya miguu."

"Kabla ya daraja kuna tuta," binti alisema. "Tela lina haidroliki. Baba aliliinua lisikwaruze tuta, na tulipopita chini ya daraja lilikuwa bado limeinuliwa."

Koplo aliacha kuandika.

"Kiasi gani?" Sajini aliuliza.

"Shubiri moja," Mzee alijibu taratibu. "Sentimita ishirini. Nilijua nikisema, watasema ndiyo hiyo. Lakini hata hapo inabaki nafasi ya sentimita kumi, na nilipita mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni."

Sajini aliandika sentimita ishirini, akapigia mstari. Sentimita kumi ni nafasi, lakini pia ni kitu ambacho hakimu anaweza kukifunika kwa kiganja, akasema tela lilidunda.

* * *

Mkuu wa kituo alipopigiwa simu alifurahi mno.

"Umeona? Ameficha! Asiye na hatia hafichi. Njoo uandike ukurasa."

"Nitaandika, Mkuu. Nipo darajani."

"Darajani unafanya nini?"

"Natazama juu," alisema Sajini, na simu ikakatika, ingawa haikujulikana ni nani aliyeikata.

Daraja lilivuka barabara kutoka sokoni kwenda upande wa zahanati. Lilikuwa na boriti mbili za chuma, moja imeelekea nje ya mji, nyingine imeelekea mjini. Mzigo uliingia mjini. Kwa hiyo, kama ungegonga, ungegonga kwanza boriti ya nje. Sajini alisimama upande wa nje, akainua uso. Boriti ilikuwa nzima. Kibao cha kimo kilikuwa mahali pake, 5.2, kimekaa kama picha ya ukutani.

Alipita chini, akageuka.

Boriti ya upande wa mjini ilikuwa imebonyea kama kopo lililopigwa teke. Ubonyeo ulielekea nje ya mji. Mchubuko wa kijivu ulianza chini ya boriti ukapanda hadi katikati yake, na pale ambapo kibao cha pili kilipaswa kuwepo palibaki boliti mbili zilizopinda.

"Koplo, ukipiga mlango teke kutoka ndani, unabonyea kuelekea wapi?"

"Nje, afande."

"Na transfoma ilikuwa inakwenda wapi?"

"Ndani... mjini." Koplo alikuna kichwa. "Aliyegonga alikuwa anatoka mjini!"

Walifunga ngazi kwenye nguzo. Sehemu ya juu kabisa ya mchubuko ilikuwa mita tano na sentimita hamsini na tano kutoka lami. Hata tela lingeinuliwa shubiri mbili lisingefika pale.

"Basi tumemaliza," Koplo alisema, akitazama saa na kuwaza tumbo.

"Tumejua nani hakugonga. Mkuu atauliza nani aligonga, na tusipokuwa na jibu atamrudia yule tuliyenaye. Kibao kiko wapi?"

Ndipo walipomwendea mama mfagiaji, aliyekuwa akifagia kipande hicho cha barabara kila siku na aliyekuwa amewatazama muda mrefu, kaegemea ufagio wake kama mkaguzi.

"Kibao sikukiona," alisema. "Jumamosi nilifagia vipande vya rangi, na mchanga. Mchanga mwingi, mbichi, unadondosha maji. Nikasema, leo Mungu kanikumbuka, maana nilikuwa natafuta mchanga wa maua yangu. Nikajaza ndoo."

"Mchanga ulikuwa wapi hasa?"

"Hapo ulipokanyaga. Chini ya ubonyeo."

"Na hukuona aliyeumwaga?"

Mama mfagiaji alicheka, akafunika mdomo kwa khanga. "Afande, nikuambie ukweli? Transfoma ilipopita mji mzima uliifuata. Wauza nguo, wauguzi wa zahanati, hata mchungaji. Na mimi na ufagio wangu. Kila mtu alikuwa anataka kuona umeme wake kwa macho. Daraja tulilipa mgongo wote."

"Mlikwenda dakika ngapi?"

"Kama kumi. Tuliporudi, daraja limeshavunjika, na jamaa mmoja anapiga simu polisi, anapaza sauti kweli: 'Lile dude limegonga daraja!' Jamaa wa tipa."

Sajini alikaa kwenye ngazi ya daraja, akafungua jalada kwenye maelezo ya shahidi. Kazi: dereva wa tipa la mchanga. *Nilikuwa nyuma ya mzigo karibu kabisa, nikaona kwa macho yangu sehemu ya juu ikigonga.*

"Koplo, kibali kinasema gari la nyuma linawazuia watu umbali gani?"

"Mita mia moja."

"Askari wetu mwenyewe alikuwa kwenye gari hilo. Alimruhusu mtu akaribie?"

"Yule? Hata mkewe asingemruhusu."

"Basi huyu hakuwa nyuma karibu. Na angekuwepo, mbele yake kuna chuma kipana mita nne na robo, na kimo karibu mita tano. Angeona nini? Angeona mgongo wa turubai." Alifunga jalada. "Transfoma haimwagi mchanga, Koplo. Tipa linamwaga. Tena likiwa limeshusha mzigo likasahau kushusha bodi, lile sanduku la mchanga, ule upande wa mbele unakwenda juu mita tano na zaidi."

"Na kibao?"

"Barabarani hakipo. Juu ya turubai hakipo. Kimedondokea kitu kilicho wazi juu, chenye kina. Mwenyewe huenda hakukiona, maana alikimbilia machimbo, wakamjazia mchanga juu yake. Tukitaka kibao, tumtafute aliyeletewa mchanga Jumamosi mchana."

"Akituficha?"

"Hatutamuuliza kama polisi," alisema Sajini. Alivua kofia ya kazi, akavaa sweta juu ya sare, na Koplo akavaa koti juu ya yake. "Kwani mimi sijengi?"

* * *

Dereva wa tipa walimkuta kwenye kituo cha malori ya mchanga, amelala kibarazani na redio kifuani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mchangamfu, na juu ya kioo cha tipa lake kulikuwa na maandishi makubwa: CHAPUCHAPU. Jina hilo ndilo watu walilomwita.

Sajini alilizunguka tipa kwa mwendo wa mteja. Bodi lilikuwa la kijivu kilichopauka. Pembe moja tu ya juu, upande wa mbele, ilikuwa ya kijivu kinachong'aa, kama iliyopakwa rangi juzi.

"Dada, karibu! Mchanga au kokoto?"

"Mchanga. Lakini nimechoka kudanganywa. Naletewa mchanga, nusu udongo."

"Kwangu? Ha! Mchanga wangu ukiupepeta unaweza kuupaka usoni. Waulize watu."

"Ningependa kuona kwanza. Juzi juzi umempelekea nani? Mfano Jumamosi mchana?"

Chapuchapu hakufikiri hata kidogo. Kujisifu kulimpanda kichwani kuliko tahadhari. "Jumamosi mchana nilimpelekea yule bibi mkunga, anaongeza vyumba viwili. Si mbali. Njooni niwaonyeshe, mkipata udongo humo nawapa tripu ya bure!"

Koplo, ambaye Sajini alimtambulisha kuwa ni shemeji yake, aligeuka upande kukohoa.

Mkunga mstaafu alikuwa amesimama uani kwake, jembe mkononi, kitambaa kichwani, akiwasimamia mafundi wawili kama alivyowasimamia wajawazito miaka arobaini: hakupaza sauti, na hakuna aliyethubutu kupumzika. Rundo la mchanga lilikuwa kando ya ukuta. Nyuma yake kulikuwa na banda la kuku.

"Shikamoo, bibi," alisema Chapuchapu. "Nimekuletea wateja wauone mchanga wangu. Waambie ulivyo safi."

"Safi ni safi," bibi alisema. "Ila siku nyingine ukiniletea vyuma ndani yake, nijulishe. Fundi wangu nusura avunje koleo."

Chapuchapu alicheka. "Vyuma gani, bibi?"

"Si kile kibati. Nikasema, kitu cha bure hakitupwi. Banda langu lilikuwa halina mlango."

Wote wakageuka. Mlango wa banda la kuku ulikuwa wa bati nene la mviringo, jeupe, lenye ukingo mwekundu, limefungwa kwa waya. Katikati, kwa tarakimu nyeusi, kulikuwa na maandishi: 5.2 m. Mtetea mmoja alitoa kichwa pembeni yake, akawatazama, akarudi ndani.

Koplo alishindwa. "Bibi, kuku wako wote wamepimwa? Hakuna anayezidi mita tano?"

"Jogoo ndiye anajiona hivyo," alisema mkunga.

Chapuchapu hakucheka. Uso wake ulikuwa umeshuka wote kwa pamoja, kama bodi la tipa ambalo hatimaye limekumbukwa. Sajini alifungua vifungo vya sweta taratibu, na kijana alipoona sare alikaa chini, juu ya mchanga wake mwenyewe.

"Ulikuwa unaongea na nani kwenye simu, ukiwa barabarani?" Sajini aliuliza.

"Umejuaje ni simu?"

"Sikujua. Endelea."

Kijana akaeleza, akichora mistari mchangani kwa kidole. Jumamosi alikuwa anashusha mchanga kwenye ujenzi karibu na daraja, barabara imefungwa kupisha transfoma. Barabara ilipofunguliwa, tajiri wake alikuwa amempigia simu mara nne kuuliza amechelewa nini. Akaipokea ya tano huku anawasha gari. Akatoka mbio. Bodi liko juu, simu iko sikioni. Aliposikia kishindo alidhani ni gurudumu.

"Nikashuka, nikaona. Mtaa mzima hakuna mtu. Nina miezi miwili tu kazini, afande. Nikaona kwa mbali lile dude linaondoka, nikasema, kubwa lile, litabeba na hili."

"Lenyewe lingebeba," Sajini alisema. "Aliyebebeshwa ni mzee wa watu mwenye miaka thelathini na moja bila kosa."

"Sikujua kwamba watamnyang'anya leseni. Naapa."

Mkunga aliweka jembe chini. "Mwanangu," alisema, "nimezalisha watoto elfu kadhaa katika mji huu, pengine na wewe umo. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa anajua kudanganya. Mnajifunzia wapi?" Kisha akamgeukia Sajini. "Na mlango wangu mnauchukua?"

"Ni kielelezo, bibi. Lakini huyu atakuja kukutengenezea mwingine."

"Leo," alisema bibi. "Kuna paka."

* * *

Saa tisa na nusu, juu ya meza ya Mkuu wa kituo kulikuwa na kibao cha barabarani chenye kinyesi cha kuku pembeni, ndoo ya mchanga iliyoazimwa kwa mama mfagiaji, picha za boriti, vipimo, na maelezo ya kijana yaliyosainiwa. Mkuu alivisoma vyote. Alisoma mara mbili ukurasa wa vipimo. Kisha akafungua droo, akatoa leseni, akaifuta kwa mkono wa shati lenye makunyanzi.

"Nilisema saa kumi," alinung'unika. "Umewahi."

Mzee Taratibu aliipokea leseni kwa mikono miwili. Binti yake ndiye aliyesema, tena mengi, lakini akiwa nje, maana Sajini alikuwa ameshamwomba Koplo amtoe kwanza.

Mlangoni walikutana na Chapuchapu, akisubiri kupelekwa kuandikiwa mashtaka. Kijana aliinama mpaka karibu agonge magoti ya mzee.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekukosea."

Mzee alipepesa macho yake mekundu.

"Mimi nimeshakusamehe," alisema. "Daraja ndilo sijui."

Hata Mkuu wa kituo alicheka. Kisha akatazama saa ya ukutani, na kicheko kikamkauka.

"Kutoka maegesho mpaka kituo cha umeme ni kilomita ngapi?"

"Kumi na tatu," alijibu Sajini. "Na kibali kinasema kilomita kumi na tano kwa saa, hiyo ikiwa hakuna kona. Kona ni saba."

"Basi mbona mmesimama hapa?"

* * *

Kufungua minyororo ya kizuizi, kukagua magurudumu themanini, kutundika bendera na kuwasha vimulimuli kulichukua muda, maana Mzee hakukubali kuruka hata hatua moja. Koplo alimwomba aruke ukaguzi wa upande wa kulia. Mzee akamwuliza kama huwa anavaa kiatu kimoja. Walipoondoka ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano.

Sajini alikaa na binti katika gari la kuongoza. Hakuwa amewahi kuona mbio za namna ile. Waendesha baiskeli waliwapita. Bibi mmoja mwenye mkongojo alitembea nao sambamba kipande kizima, akiwapa habari za wajukuu wake. Kila fimbo ilipokaribia waya, binti aliita kwenye redio: "Waya, baba, nafasi nusu mita," na sauti nzito ikajibu: "Nimesikia, mama." Kona ya tatu iliwala dakika kumi na tano peke yake. Mzee alishuka, akapima, akapanda, akarudi nyuma, akashuka tena.

"Mwambie aharakishe kidogo," Sajini alinong'ona.

"Mwambie wewe," binti alisema, akimnyooshea redio.

Sajini aliitazama redio, akairudisha.

Kwenye njia panda ya mwisho magari yalikuwa yamejaa, honi zinalia, na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano. Sajini alikuwa ameshafungua mlango ili ashuke, alipoona mtu katikati ya njia panda, mikono yote miwili hewani, filimbi mdomoni, akiyarudisha nyuma malori kwa hasira ya baba mwenye nyumba. Shati lake lilikuwa na makunyanzi.

"Ni Mkuu," alisema Koplo kwenye redio ya gari la nyuma, kama mtu aliyeona maajabu. "Ametoka ofisini."

Njia ikafunguka. Transfoma ikapita, tani themanini na nne, polepole kama kobe anayekwenda harusini, na watu waliokuwa wakipiga honi wakaanza kupiga makofi.

Mlinzi wa lango la kituo cha umeme aliandika muda wa kufika katika kitabu chake: saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Sajini akasaini kama askari wa msafara, akiangalia kila tarakimu. Mafundi wa umeme walikuwa wamejipanga ndani tangu mchana. Walipoona bendera nyekundu zinaingia walishangilia, mmoja akarusha kofia, ikatua juu ya turubai.

Injini ilizimwa. Watu walisubiri Mzee ashuke wampe mkono. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Sajini alipanda ngazi ya kabini, akafungua mlango.

Mzee Taratibu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye usukani, kofia imemshuka puani, anakoroma kwa sauti iliyolingana kabisa na ukubwa wa gari lake.

"Tumwamshe?" Sajini aliuliza. "Fundi mkuu anataka asaini kupokewa kwa mzigo."

Binti alipanda upande wa pili. Alimvua baba yake kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka chini kwa uangalifu, pamoja.

"Asubiri mpaka kesho," alisema. "Kulala hakuna kibali, afande, wala hakuna saa ya mwisho."